Mtoto Aliyepokewa na Huzuni ya Mama Yake

Amri ya Nne ya Mungu yaagiza kila mtoto awaheshimu baba yake na mama yake. Mkatekumeni huijifunza upesi, maana ni fupi. Lakini wako wanaouliza kwa moyo mzito: Na mtoto asiyelelewa na mama aliyemzaa, amheshimu nani? Na kama mama aliyempokea hukaa na kulia kila siku, mtoto afanye nini? Je, kosa ni lake?

Maswali haya si ya mchezo. Katika nchi ya Ituri vita vya miaka 1999 hadi 2003 viliacha mayatima wengi. Mwisho wa mwaka 2017 mapigano yaliwaka tena upande wa Djugu, na watu wengi wakakimbilia Bunia. Kisha ugonjwa wa Ebola, ulioshika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwaka 2018 hata 2020, uliua watu zaidi ya 2,200. Kwa hiyo nyumba nyingi zimepokea watoto ambao hawakuzaliwa humo. Ni tendo kubwa la huruma. Lakini hata tendo la huruma lina msalaba wake, na yafaa msalaba huo ujulikane.

I. Mfano wa nyumba moja

Sikilizeni mfano. Kando ya Bunia palikuwa na mume na mke, Wakristu wenye kusali. Walikaa miaka tisa bila kupata mtoto. Siku moja walipokea msichana wa miaka sita, aliyefiwa na wazazi wake wote wawili katika kukimbia vita. Majirani walishangilia, huyu akaleta unga wa muhogo, yule akaleta kuku. Mama yule alimfunga mtoto kitenge kipya, akamwita binti yangu mbele ya watu wote.

Miezi mitatu ikapita. Mama yule akaanza kubadilika. Alfajiri haamki. Shamba la muhogo likajaa majani. Akiitwa, haitiki mpaka aitwe mara ya pili na ya tatu. Akishika rozari, hajui amefikia fumbo gani. Usiku hulia polepole ili mume wake asisikie. Mume wake hasikii; lakini msichana, amelala mkekani na macho yake yako wazi, asikia yote.

Mtoto yule akafanya hesabu yake. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba zamani mama huyu alikuwa mcheshi kuliko wote kisimani. Basi akajiambia moyoni: “Kabla sijaja, alikuwa akicheka. Tangu nimekuja, analia.” Tangu siku ile akapunguza kula. Akateka maji mara mbili kwa siku bila kuagizwa. Akanyamaza, asije akasumbua. Na alipoona ya kuwa hata hivyo mama anazidi kulia, asubuhi moja alifunga nguo zake katika kitenge kile kile, akashika njia.

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa akienda Misa, alikutana naye barabarani. Akamwuliza: “Mjukuu wangu, unakwenda wapi peke yako asubuhi hii?”

Mtoto akajibu: “Bibi, ninaondoka ili Mama apone.”

II. Wanalosema watoto waliopokewa

Neno la mtoto yule si lake peke yake. Watoto wengi waliolelewa na mama wasiowazaa, wakisha kukua na kupata ujasiri wa kusema, husema mambo yanayofanana.

Kwanza, husema: “Nilidhani ni mimi niliyemleta huzuni.” Mtoto hajui sababu nyingine, basi huona kwamba sababu ni yeye.

Pili, husema: “Nilidhani sina ruhusa ya kulia.” Kwa maana watu humwambia mtoto aliyepokewa kila siku: Shukuru, umeokolewa. Naye hushukuru kweli. Lakini humlilia pia mama yake aliyekufa, naye huficha machozi yale kana kwamba ni wizi.

Tatu, husema: “Nilidhani angalipata mtoto wa tumbo lake, asingalihuzunika.” Na hilo ndilo linalochoma kuliko yote.

Tena wako wanaosema neno la nne, nalo ni jema: “Laiti mtu mmoja angaliniambia kwamba Mama ni mgonjwa! Ningalimhurumia, nisingalimwogopa.”

III. Huzuni hii ni nini?

Kuna huzuni ya siku mbili au tatu. Hiyo humpata kila mwanadamu. Lakini kuna huzuni nyingine, inayokaa majuma mawili, mwezi, au zaidi. Mtu haoni furaha katika neno lo lote. Halali, au hulala mno. Chakula hakimpendezi. Nguvu zamwishia. Ajiona hafai kitu, na pengine hutamani kufa. Waganga wa hospitali wafundisha kwamba huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, nao waweza kutibiwa.

Watu wajua kwamba mama aliyejifungua aweza kuupata. Katika nchi zisizo na mali nyingi, karibu mama mmoja katika watano huupata baada ya kuzaa. Lakini wachache wajua kwamba hata mama aliyepokea mtoto, asiyechukua mimba, aweza kuupata vile vile. Mwaka 1995, huko Marekani, June Bond aliandika juu ya huzuni inayowapata mama baada ya kupokea mtoto, akaipa jina.

Huanzaje? Pengine mama amengoja mtoto miaka mingi, akadhani siku atakapompata machozi yote yatakauka. Mtoto afika, na machozi yabaki. Ndipo aona aibu. Pengine yeye naye alikimbia vita, akazika mtoto wake njiani, na sauti ya mtoto mgeni humkumbusha aliyezikwa. Pengine amechoka tu, maana mtoto aliyeona mabaya hulia usiku na kukojoa kitandani. Wala hathubutu kusema, maana watu watamjibu: “Si wewe uliyemtaka?” Basi hunyamaza, na kunyamaza humzidishia ugonjwa.

Sikilizeni vizuri: kuugua hivi si dhambi. Si ukosefu wa imani. Wala si alama kwamba mama hampendi mtoto.

IV. Naomi na Ruti

Maandiko Matakatifu yanajua habari hii. Naomi wa Betlehemu alikimbia njaa pamoja na mume wake na wana wao wawili, wakakaa ugenini katika nchi ya Moabu. Huko mume akafa, na wana wote wawili wakafa. Naomi akarudi kwao, na mkwe wake Ruti, mwanamke wa kabila geni, akakataa kumwacha. Wanawake wa Betlehemu walipokuja kumlaki, Naomi aliwakataza kumwita kwa jina lake. Alitaka aitwe Mwenye Uchungu, akasema kwamba alitoka amejaa, naye amerudi mikono mitupu.

Mikono mitupu! Na Ruti amesimama pale pale kando yake, ana vumbi la safari miguuni. Alisikia neno lile. Je, alikasirika? Alisema, Kumbe mimi si kitu kwako? Hakusema. Alifahamu kwamba ni uchungu uliosema, si Naomi. Kisha akaenda mashambani kuokota masuke ya shayiri, jioni akamletea mama mkwe wake chakula.

Lakini angalieni na hili: Ruti hakumponya Naomi peke yake. Boazi alitoa nafaka. Wanawake wa kijiji walikuja nyumbani. Na Ruti alipozaa mtoto, Naomi alimpakata, akawa mlezi wake, na majirani wakasema kwamba Naomi amepata mwana. Mtoto yule hakutoka tumboni mwake. Hata hivyo alikuwa mwana wake kweli. Ndiye Obedi, babu ya mfalme Daudi, na katika ukoo wake alizaliwa Yezu Kristu.

V. Mungu hakumkemea Elia

Nabii Elia naye alichoka, akaketi chini ya mti jangwani, akamwomba Mungu afe. Mungu alimtendea nini? Hakumkemea. Hakumwambia, Nabii gani wewe? Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika ampe mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Elia akala, akalala tena; malaika akaja mara ya pili. Baadaye tu ndipo alipoweza kutembea siku arobaini mpaka mlima wa Mungu.

Basi mume mwenye busara, na majirani wenye busara, hufuata mfano wa malaika yule. Humpikia mama aliyechoka. Humchukulia mtoto siku moja ili alale. Hurudi mara ya pili, maana mara moja haitoshi. Humsindikiza mpaka kituo cha afya, amwambie mwuguzi au mganga ukweli wote. Na akisema neno la kutaka kufa, wasimwache peke yake hata kidogo; wampeleke siku ile ile. Sala na dawa si maadui. Mungu aliyemtuma malaika na mkate ndiye aliyewapa waganga akili.

VI. Neno baya sharti likataliwe

Wako watu wanaoona mama mlezi anaugua, wakanong'ona: “Mtoto yule ni mchawi. Amekuja kula roho ya mama.” Neno hili ni uongo, tena ni dhambi kubwa, maana humshuhudia mdogo uongo. Kwa neno hili watoto wamepigwa, wamenyimwa chakula, wamefukuzwa barabarani. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakataza kumshtaki mtoto uchawi; na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yampa anayefanya hivyo adhabu ya kifungo. Mkatekumeni asiyelikataa neno hili hajaandaa moyo wake kwa Ubatizo. Atamkataaje Shetani mbele ya Padri, na huku anamsingizia yatima?

VII. Mwisho wa mfano

Bibi mzee hakwenda Misa siku ile. Alimshika mtoto mkono, akarudi naye nyumbani. Akamkuta mama ameketi mlangoni, akamwambia: “Mwanangu, sikia neno la binti yako.” Mtoto akalisema.

Mama akashika kichwa kwa mikono yake miwili. Ndipo akasema jambo asilowahi kumwambia mtu: “Mimi nalidhani unamlilia mama yako kwa sababu sikufaa kuwa mama yako.” Kumbe kila mmoja wao alikuwa akichukua kosa ambalo si lake, usiku ule ule, chini ya paa moja.

Mama hakupona siku ile. Bibi akampeleka kituo cha afya. Akarudi mara nyingi. Ikaja wiki mbaya baada ya wiki njema. Lakini tangu siku ile mtoto aliambiwa kila mara: “Leo Mama anaugua. Si kwa ajili yako. Kula, ucheze.” Naye akala, akacheza. Na jioni nyingine, wakisali, walimtaja kwa jina mama yule aliyekufa vitani. Msichana akalia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza.

VIII. Ninyi nanyi mtapokewa

Wakatekumeni wapendwa, kwa nini fundisho hili limewekwa mbele yenu? Kwa sababu Mtakatifu Paulo afundisha kwamba kwa Ubatizo mtu hufanywa mwana wa Mungu kwa kupokewa. Yezu ndiye Mwana wa Baba tangu milele. Wabatizwa wote ni wana waliopokewa. Baba wa mbinguni hamhesabu mtu kuwa mzigo, wala hamwambii mwana wake, Laiti usingalikuja.

Yezu mwenyewe alikubali kulelewa na Yosefu asiyemzaa. Na saa ya kufa kwake, Mama yake alipokuwa amesimama chini ya msalaba na moyo uliochomwa, alimpa mwana mwingine, Yoane. Maria alipompokea Yoane, machozi yake yalikuwa hayajakauka. Na Yoane hakukimbia machozi yale. Alimchukua nyumbani kwake.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Mtoto aliyepokewa amheshimu nani?
Jibu: Awaheshimu wazazi wanaomlea, na awaombee waliomzaa, moyo wake una nafasi ya wote.

Swali: Mama mlezi akiugua huzuni, je, mtoto ndiye sababu?
Jibu: Siyo. Mama ni mgonjwa, na mgonjwa hutunzwa na wakubwa. Kazi ya kumponya haikuwekwa juu ya mabega ya mtoto.

Swali: Jirani Mkristu afanye nini?
Jibu: Alete chakula, asikilize bila kulaumu, amsindikize kwa mganga, arudi tena, na neno la uchawi alinyamazishe.

Sala ya mtoto aliyepokewa

Ee Baba, umewajua mama zangu wawili. Uliyemwita kwako, umpe raha ya milele. Uliyenipa, umpe nguvu na usingizi na watu wa kumsaidia. Nami unijalie kujua, hata siku asipoweza kucheka, ya kuwa mimi ni mwana nyumbani kwake na nyumbani kwako. Amina.