Kinywa cha mkulima na kalamu ya mwingine

Zamani mkulima mwenye neno alienda ku baraza ya mwami. Alisimama, akasema kwa kinywa chake, jirani aliyemshitaki akiwa pale pale na wazee wakisikia. Haikuwa paradiso: mwanamke alisemewa na bwana ao kaka yake, na mwenye kuja na mbuzi alisikiwa mbele ya mwenye mikono mitupu. Lakini neno lilikuwa lake.

Leo neno linapita ku karatasi. Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa, yeye peke yake ao pamoja na wenzake. Wakubwa wajibu ndani ya miezi 3, na asifuatiliwe mtu kwa sababu aliandika. Sheria nzuri sana! Lakini kifungu cha 1 kinasema lugha ya serikali ni Kifaransa. Basi muzee wa Masisi anatafuta mwalimu ao katekista amwandikie.

Hapa ndipo swali langu. Tuseme muzee anasema: « Mwenye ng'ombe alikuja na karatasi ya Goma, akafunga shamba ya baba yangu. Huu ni wizi. » Mwandishi anaweka: « Nina heshima ya kuwaletea hali ya kutokuelewana. » Wizi umekuwa kutokuelewana. Atasema anamkinga muzee, na siwezi kumcheka: tangu sheria ya 20 Julai 1973 udongo wote ni wa Serikali, mwenye karatasi ana nguvu, na neno « wizi » linaweza kumpeleka mtu ku kasho.

Lakini woga huo ni wa nani? Muzee akichagua mwenyewe neno laini, ni akili yake. Akichaguliwa bila kujua, ametia dole ku neno la mtu mwingine, na siku ya kuitwa kwa administrata atasema ingine kabisa, aitwe muongo. Kumsomea barua kwa Kiswahili ao Kihunde mbele ya kutia dole ni deni, sio zawadi.

Sheria ya kilimo ya 24 Desemba 2011 inataka kesi za mashamba ya wenyeji zipite kwanza ku upatanisho, kabla ya tribinali. Pale angalau kinywa kinarudi. Ila tangu M23 iliingia Goma mwisho wa Januari 2025, muzee anaanza na ulizo ingine: barua aandikie nani, na muhuri wa biro gani utahesabika kesho?