Mashine na Jina la Mwenzi

Kukipa kitu jina ni kumpa mtu sababu ya kukiamini au kukiogopa. Jambo hili nililijua kwa vitabu miaka mingi, lakini nililionja kwa kweli siku aliponijia nyumbani Tongoni kijana mmoja niliyepata kumfundisha Kiswahili kabla hajaenda kusomea uhandisi. Sasa ameajiriwa katika kiwanda kimoja cha mjini Tanga. Kiwanda hicho kilikuwa katika shauri la kununua mkono wa chuma wa kupanga maboksi, mashine ya jamii ile isiyofungiwa ndani ya uzio kama zilivyofungiwa roboti za zamani, bali husimama ubavuni pa mfanyakazi ikafanya kazi pamoja naye. Alichukua karatasi za wauzaji watatu, akataka nimpe neno la kutia katika maagizo yatakayobandikwa ukutani.

"Mwalimu," alisema, "nimeona tuiite roboti mwenzi. Wafanyakazi hawataiogopa."

Neno lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulionitia shaka.

Mashine hizi si ndoto. Wazo lake lilitolewa mwaka 1996 na Colgate na Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na mwaka 2008 kampuni ya Universal Robots ya Odense, nchini Denmark, ikauza mkono wake wa kwanza. Sifa kubwa ya mikono hiyo ni kwamba huhisi: ikimgusa mtu, husimama. Mwaka 2016 wataalamu wa viwango vya kimataifa walitoa waraka uliotaja mahali 29 pa mwili wa binadamu, kuanzia paji la uso hadi misuli ya mguu, na kadiri ya nguvu ambayo kila mahali paweza kuistahimili. Niliisoma orodha ile kwa staha. Ni nadra mwili wa kibarua kuhesabiwa kiungo kwa kiungo kwa nia ya kuuepusha na maumivu.

Katika pwani hii mwili huo ulipata kuhesabiwa kwa nia nyingine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufika mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Nani alikata majani hayo? Nani aliyalisha katika korona, mashine ambayo jina lake liligeuka kuwa jina la kiwanda kizima? Watu walioletwa kwa mikataba kutoka mbali, wakajulikana kwa namba zao hata wakaitwa manamba. Nalo neno roboti lilitokea katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, kwa kufuata neno la Kicheki lenye maana ya shokoa. Kumbe Wacheki waliipa mashine jina la mtu wa shokoa, nasi tukampa mtu jina la tarakimu. Msomaji atanisamehe kukawia hapa. Mtu wa lugha hawezi kupita mahali kama hapo bila kusimama.

Tulipokuwa tukizungumza barazani alikuwapo jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya korona katika ujana wake. Mkono wake wa kuume una vidole viwili. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Huyo mwenzi wenu, akipewa kisu?"

Mhandisi alinyamaza. Swali lilikuwa limepita karatasi zote tatu. Mkono wenyewe husimama unapomgusa mtu, lakini kisu kikigusa kimekwisha kukata. Kijana alieleza kwamba mkono wao utashika maboksi kwa vikombe vya kunyonya hewa, wala hapana kisu. Hata hivyo alikiri kwamba mashine hizi husifiwa kwa kuwa zaweza kupewa kazi nyingine upesi, na kazi nyingine ya mwakani yaweza kuwa ya kukata kamba. Aliongeza mengine ambayo mimi sikuyajua. Kilo 10 zinazoandikwa na muuzaji ni pamoja na uzito wa kishikio, kwa hiyo boksi la kilo 9 laweza kuushinda mkono wa kilo 10. Mkono ukienda kasi hugonga kwa nguvu zaidi. Karibu na watu hauna budi kwenda polepole, na upole huo hupunguza hesabu ya maboksi. Nikamwuliza ni nani apimaye mwendo huo. Akajibu kwamba hupangwa na mtu katika kioo cha mashine. Basi upole wake ni namba iliyoandikwa na mtu, na mwisho wa mwezi, mzigo ukichelewa, mtu mwingine atatamani kuifuta.

Nikamwambia kwamba Tongoni mvuvi hachagui mwenzi wa ngalawa kwa nguvu za mikono peke yake. Hutazama kama ni mtu awezaye kusema "turudi" mawingu yakikusanyika. Mashine husimama, lakini haikatai.

"Nyapara wa mzee naye hakukataa," alisema kijana. "Korona haikusimama. Hii ingesimama."

Sikuwa na jibu, na hata leo naona alisema kweli. Kama ningepewa kuchagua baina ya mashine ile na hii kwa ajili ya vidole vya jirani yangu, nisingesita. Lakini mzee alijibu mwenyewe. Alisema korona ilisimama. Aliyeizima ni mtu aliyekuwa ng'ambo ya pili ya mkanda. Aliacha kazi yake bila ruhusa akakimbilia swichi, na mshahara wake wa siku ile ukakatwa. "Huyo ndiye mwenzangu," alisema, "na jina lake nalijua mpaka leo."

Baadaye kijana alinionyesha kwamba katika viwango vilivyotolewa upya mwaka 2025, wataalamu wenyewe wameiondolea mashine sifa ya ushirika wakaipa kazi: kazi yaweza kuwa ya pamoja, mashine hubaki mashine. Nilifurahi, na nakiri kwamba kiburi kidogo cha mwalimu wa lugha kilichanganyika na furaha hiyo. Tukaandika "mkono wa mashine". Chini yake tukaandika cheo cha mtu mwenye ruhusa ya kubadili mwendo wake, na kwamba yeyote aliye karibu anaweza kuuzima wala hatakatwa mshahara kwa kuuzima.

Nilimwomba pia awaite wapangaji maboksi watazame majaribio kabla ya kununua. Waliitwa wanawake wanne. Mmoja wao hutumia mkono wa kushoto, akasema kitufe chekundu cha kuzimia kiko mbali naye, kihamishwe. Wauzaji wawili walikubali. Wa tatu, ambaye bei yake ndiyo iliyokuwa ndogo, alisema mwanamke huyo atazoea.