Wa Mwisho Kupokea

Kwenye hisabati, duara ni nukta zote zilizo umbali mmoja na kitovu. Euclid alilieleza hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na usawa huo ndio tunaoutafuta tunapokaa kwa duara ili pasiwe na wa mbele wala wa nyuma.

Lakini duara la watu lina pa kuanzia. Hata mahujaji wanaoizunguka Kaaba mara saba huanzia penye Jiwe Jeusi. Na katika duru pia hatuko sawa: duru ya pili ya uchaguzi ni ya wachache waliosalia. Nazo duru za siasa ndizo zinazopata habari kabla yetu sisi wengine. Kwa hiyo swali langu ni hili: usawa wa watu waliozungukana unakaa wapi, kama si katika nafasi zao?

Tazama upatu. Wanawake kumi wanachanga shilingi 20,000 kila wiki, na kila wiki mmoja anapokea 200,000. Mwishoni kila mtu ametoa laki mbili na amepokea laki mbili, basi wako sawa. Sivyo. Wa kwanza, siku anapopokea, ametoa 20,000 tu. 180,000 zilizobaki ni mkopo. Wa kumi, hadi wiki ya tisa, amekwisha kuwakopesha wenzake 180,000, bila riba, bila hati, akitegemea daftari la kijumbe anayeuendesha upatu na neno la watu. Duara zima limesimama juu ya uvumilivu wake. Kwangu mimi, huyo ndiye kitovu, ingawa amepangwa mwisho.

Na zamu hazikufungwa kwa chuma. Januari ikifika, mtoto wa mwenzao akihitaji ada, mwenye zamu ya pili husema, "Mpeni yeye, dada, mimi nitasubiri." Nukta haiwezi kumpisha jirani yake. Usawa ninaoutafuta nauona hapo, katika kupishana, na naamini unazidi ule wa bikari kwa sababu mtu ameuchagua huku ukimgharimu.

Hata hivyo, imani hiyohiyo inayowashika kumi ndiyo inayomzuia wa kumi na moja. Binti aliyehamia mtaani mwezi uliopita anaweza kuja na 20,000 zake mkononi, taslimu. Bado ataulizwa nani anamjua, na asipopatikana wa kumdhamini, atarudi nazo nyumbani.