Hadhira Inapogeuka Abiria: Hadithi, Bustani za Burudani na Suala la Deni

Utangulizi

Mnamo Machi 2024 ilitangazwa kwamba bustani kubwa ya burudani itajengwa Qiddiya, nje ya Riyadh nchini Saudia, kwa kufuata hadithi ya katuni ya Kijapani iitwayo Dragon Ball. Mtunzi wa hadithi hiyo, Akira Toriyama, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwezi huohuo. Kiini cha mpango huo ni umbo la joka Shenron lenye kimo cha mita 70, ambalo ndani yake kigari cha reli kitapanda na kuporomoka kikiwa kimejaa watu.

Habari ya namna hii yaweza kudhaniwa kuwa iko mbali na uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Sivyo. Huko Florida, Marekani, tangu tarehe 22 Aprili 1998, kampuni ya Disney imekuwa ikiwapakia watu katika malori na kuwazungusha mbugani katika safari iitwayo Kilimanjaro Safaris. Safari hiyo huanzia katika mji wa kubuni, Harambe, wenye vibao vya Kiswahili na majengo ambayo baadhi yake yameigwa kutoka Lamu. Mlima wenye jina hilo huonekana kila asubuhi, mawingu yakiruhusu, na mkazi wa Loitokitok katika Kaunti ya Kajiado. Lugha ya makala haya, basi, imekwisha kupandishwa garini.

Swali linalozuka ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani. Je, hadithi hutendewa haki inapogeuzwa chombo cha kupanda? Na kama haitendewi haki, ni nani hasa anayedhulumiwa: mtunzi, hadhira, au wale ambao maisha yao ndiyo yaliyosimuliwa? Inahojiwa hapa kwamba kosa halimo katika kuigeuza hadithi. Tatizo ni kwamba chombo cha burudani hakiwezi kubeba deni, yaani ule wajibu unaombakia msikilizaji baada ya hadithi kwisha.

Hadithi na kuhama kwake

Inafaa kuiondoa kwanza hoja moja dhaifu, inayodai kuwa hadithi huchafuka kila inapohama kutoka utanzu mmoja hadi mwingine. Historia ya fasihi haiiungi mkono. Masimulizi ya Fumo Liyongo yaliishi vinywani kabla ya Muhammad Kijumwa kuyatungia utenzi mwaka 1913. Dragon Ball yenyewe ilianza kwa kuazima kutoka Xiyouji, riwaya ya Kichina ya karne ya 16 kuhusu safari ya mtawa na nyani mwenye nguvu za ajabu. Anayelaumu kuhama kwa hadithi hana budi kuilaumu fasihi yote.

Tofauti inayostahili kuchunguzwa iko katika nafasi anayopewa mpokeaji. Katika usimulizi wa jadi, fanani hawezi hata kuanza kabla hadhira haijamjibu. Akisema "Paukwa!" pasiwepo wa kusema "Pakawa!", hadithi haipo. Msikilizaji huyo hucheka, hukatiza, huuliza, na pengine humkosoa msimulizi. Msomaji wa riwaya naye huweza kuufunga ukurasa akatafakari, au kurudi nyuma akamhukumu upya mhusika. Abiria wa chombo cha burudani hufungwa mkanda. Mwendo, muda na upande wa kutazama vimekwisha kuamuliwa na fundi. Hofu anayoipata ni ya kweli, lakini ni hofu ya mwili unaoporomoka. Haihitaji hukumu yoyote kutoka kwake.

Mfano wa Liyongo unalidhihirisha jambo hili. Fundi hodari angeweza kutengeneza chombo cha kusisimua kutokana na kutoroka kwake gerezani: giza, tupa iliyofichwa ndani ya mkate, pingu zinazokatwa huku ngoma zikivuma nje. Lakini masimulizi hayo hayakudumu kwa karne nyingi kwa ajili ya pingu. Yamedumu kwa ajili ya mwana aliyekubali kumuua baba yake kwa sindano ya shaba. Jambo hilo haliwezi kupandwa. Linaweza tu kusimuliwa, kisha likamkaa mtu moyoni.

Safari isiyo na marejeo

Filamu za Hayao Miyazaki ni kipimo kizuri cha hoja hii, kwa kuwa zimejaa vyombo vinavyotamanisha kupandwa. Katika Sen to Chihiro no Kamikakushi ya mwaka 2001, inayojulikana nje ya Japani kwa jina la Spirited Away, mtoto Chihiro hupanda treni inayopita juu ya maji. Ni vigumu kufikiria tukio linaloalika zaidi kigari cha burudani: maji yaliyotulia, abiria walio kama vivuli, vituo vya upweke, na jioni inayoingia polepole.

Hata hivyo, kabla ya safari hiyo Chihiro huambiwa kwamba treni za kurudi zilikuwapo zamani, ila siku hizi treni huenda upande mmoja tu. Naye hupanda akijua hivyo, ili akarudishe kitu kilichoibwa na kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Uzito wote wa kimaadili wa tukio hilo umo katika kutokuwapo kwa treni ya kurudi. Mwishowe Chihiro hurudi, lakini harudishwi na ratiba. Hubebwa na Haku, yule aliyeombewa radhi, na akiwa njiani hulikumbuka jina la kweli la mwenziwe na hivyo kumfungua. Marejeo yake ni tunda la tendo lake.

Sasa na ichukuliwe kwamba treni hiyo imejengwa katika bustani ya burudani. Kwa maumbile yake, reli ya bustani ni duara. Baada ya dakika chache abiria atashushwa palepale alipopandia, ampishe mwingine. Chombo hicho kingeweza kuiga maji, vivuli na jioni kwa ustadi mkubwa, kisha kikaikana maana ya tukio zima kwa sababu ya umbo la reli peke yake.

Pande mbili za risasi moja

Sifa ya pili inayokishinda chombo ni uwezo wa kuona pande mbili. Mononoke Hime, filamu ya Miyazaki ya mwaka 1997, inahusu vita baina ya mji wa wafua chuma na miungu ya msitu. Bibi Eboshi, mkuu wa mji huo, huangamiza msitu na kuwapiga risasi wanyama watakatifu. Ni yeye pia aliyewakomboa wanawake kutoka madanguro na kuwapa wenye ukoma kazi na heshima. Mtazamaji akitaka kumchukia, hukumbuka wagonjwa wake. Akitaka kumpenda, hukumbuka nguruwe aliyegeuka zimwi kwa sababu ya risasi yake. Kiti cha chombo hutazama upande mmoja, na anayekalia kiti hicho lazima awe upande wa mtu fulani.

Kilimanjaro Safaris ilitoa ushahidi wa jambo hili. Ilipoanzishwa ilikuwa na kisa cha majangili na ndovu mchanga, na lori la wageni lilijiunga katika kuwafukuza wahalifu hao. Baadaye kisa hicho kiliondolewa. Kwa muda kilipokuwapo, kila abiria, kwa kununua tiketi tu, alikuwa mwokozi. Hakuna aliyeulizwa jangili alitoka kijiji gani, wala jirani wa ndovu huvuna nini shamba lake likishakanyagwa.

Chini ya mlima wenyewe swali hilo huulizwa kwa damu. Mnamo Mei 2023, simba kumi waliuawa karibu na Amboseli katika muda wa wiki moja. Miongoni mwao alikuwamo Loonkiito, dume la miaka ipatayo 19, aliyechomwa mikuki alipoingia katika boma la mifugo kijijini Olkelunyiet. Siku chache baadaye, huko Mbirikani, simba sita waliuawa baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Hesabu hiyo ya mbuzi haipaswi kudharauliwa. Kwa mwenye boma, mbuzi ni karo ya mtoto na dawa ya mgonjwa. Wala kifo cha Loonkiito hakipaswi kudharauliwa, kwani ni simba wachache sana wanaoufikia umri huo porini. Msimulizi anayelijua eneo hilo angelazimika kuyabeba yote mawili. Akiliacha moja, hadhira ya Loitokitok ingemkatiza.

Mchezo wenye deni

Haifuati kutokana na hayo kwamba burudani ni adui wa maadili. Loitokitok yenyewe ina mfano wa kinyume. Tangu mwaka 2012, huko Kimana, yamekuwa yakifanyika mashindano yanayoitwa Olimpiki ya Kimaasai, yaliyobuniwa ili morani washindane bila kumuua simba. Hukimbia, hurusha mkuki na rungu, na huruka juu. Hapa pia jambo zito, lililokuwa na damu na heshima, limegeuzwa mchezo.

Tofauti ni kwamba wachezaji ni walewale ambao kesho watamkuta simba karibu na zizi. Mchezo haujawaondolea deni, bali umewapa njia nyingine ya kulilipa. Sambamba na hayo, Mbirikani ilikwisha kuwa na mfuko wa kuwafidia wafugaji walioliwa mifugo yao tangu mwaka 2003. Mei 2023 ilionyesha kuwa mapatano hayo yaweza kuvunjika. Lakini ahadi inayoweza kuvunjika ni ahadi bado. Chombo cha burudani hakiahidi chochote kiwezacho kuvunjwa, isipokuwa usalama wa abiria.

Wajapani nao hawana kauli moja. Bustani ya Ghibli iliyofunguliwa tarehe 1 Novemba 2022 katika mkoa wa Aichi, penye uwanja wa maonyesho ya dunia ya mwaka 2005, haikujengwa juu ya vyombo vikubwa vya kupanda. Mgeni hutembea kwa miguu msituni na kuingia nyumbani. Katika sehemu iliyotengwa kwa Mononoke Hime, huweza kuoka mwenyewe mkate wa wali kwenye moto. Uamuzi huo ni tendo la uhakiki: umesoma filamu hizo, ukatambua kwamba kinachostahili kuigwa ni subira yake na kazi ya mikono. Ni kweli kwamba bustani hiyo pia huuza tiketi, na anayetembea msituni hatakiwi kumwomba yeyote radhi. Lakini angalau amebaki na miguu yake, na anaweza kusimama.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kipimo cha haki ya hadithi hakiko katika utanzu inaohamia, bali katika nafasi anayoachiwa mpokeaji ya kuitikia na kuwajibika. Chombo cha kupanda chaweza kubeba ajabu, kasi na hofu. Hakiwezi kubeba safari isiyo na marejeo, wala kuona pande mbili kwa pamoja. Anayebuni chombo kutokana na hadithi ana haki ya kufanya hivyo, mradi asidai kwamba amewapa watu hadithi hiyo.

Wajibu wa mhakiki, kwa upande wake, ni kutokubali kwamba kilichoachwa nje ya reli kimekwisha. Siku watakapokuja wawekezaji Loitokitok na ramani ya bustani yao, na si ajabu wakaja, swali la kuwauliza lisiwe la urefu wa reli. Waulizwe abiria atashukia wapi, na ni nani atakayekuwa pale akimngoja, mwenye haki ya kumwuliza ameona nini.