Kadi ya Mchango Iliyofika kwa Bibi

Mtoto alizaliwa Dar es Salaam, wa kike, wa kwanza kwa wazazi wake. Baba yake ni Mchaga wa Rombo, na kwa desturi ya kwao binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Akapewa. Nitakisimulia kisa hiki kama cha nyumba moja, ingawa nyumba zinazofanana nayo ni nyingi, na majina ya wahusika nayaacha.

Wazazi walipokwenda parokiani kuuliza habari za ubatizo, waliambiwa mambo ya kawaida: waje na barua ya jumuiya, wahudhurie semina, wamlete msimamizi. Sheria ya Kanisa Katoliki, ile ya mwaka 1983, inawataka wazazi wambatize mtoto ndani ya wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Siku ikipangwa haraka, hakuna linalozuia. Maji yapo, padri yupo. Tena mtoto akiwa katika hatari ya kufa, yeyote aliye karibu, hata muuguzi wa zamu, anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu, na ubatizo huo ukahesabika kamili. Sakramenti yenyewe haidai zaidi ya hapo.

Lakini ukumbi haukuwa umelipiwa. Ikaundwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, likafunguliwa kundi la WhatsApp, na ubatizo ukasogezwa mpaka fedha zitimie. Mtoto akaota meno, akatambaa, akaanza kusimama kwa kushika viti, bado hajabatizwa. Hakuna aliyeona ajabu. Siku hizi tumezoea kumwona mtoto akienda kubatizwa kwa miguu yake mwenyewe, na ukiuliza sababu utaambiwa tulikuwa tunajipanga.

Siubezi mchango. Kuchangiana kumezika wafu wetu, kumesomesha watoto wetu na kumeoza mabinti zetu, na mtu aliyewahi kufiwa mjini anajua daftari la michango lina heshima gani. Ninachokikataa ni mchango kugeuzwa kuwa tiketi. Katibu wa kamati alichukua namba zote zilizokuwamo katika simu ya baba wa mtoto akazitumia kadi moja: familia ina furaha kukujulisha, inaomba mchango wako wa hali na mali, mtu mmoja shilingi 50,000, wawili 100,000, mwisho wa kupokea ni tarehe fulani. Kadi za mwaliko zingefuata kwa waliotimiza ahadi.

Miongoni mwa namba hizo ilikuwamo ya mama mzazi wa baba huyo, kule Rombo.

Bibi hasomi vizuri maandishi madogo ya simu, akamwita kijana wa jirani amsomee. Alisikia jina lake mwenyewe likitajwa, kwa kuwa ndilo jina la mtoto, kisha akasikia bei. Akamshukuru kijana, akaendelea na shughuli zake. Hakumwambia mtu. Mwanawe naye hakupiga simu, maana kichwani mwake mama alikuwa ameshajua. Si amepata ujumbe kama watu wote?

Siku ya sherehe ilipopita, na kiti alichotengewa bibi meza kuu kikiwa kimekaa kitupu usiku kucha, ndipo mwana alipopiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Mama, mbona hukuja?"

"Nilingoja kuitwa, baba. Nikasomewa habari ya hamsini. Sikuwa nayo."

Mwana alijitetea kwamba ilikuwa makosa ya katibu, kwamba mzazi hachangishwi, kwamba kiti chake kilikuwepo. Yote yalikuwa kweli. Lakini mzee haalikwi kwa orodha. Mzee huendewa, na kama njia ni ndefu hupigiwa simu na mwanawe mwenyewe, kabla kamati haijaundwa na kabla tarehe haijatajwa kwa mwingine yeyote. Huambiwa hivi: mama, tunataka kumbatiza mjukuu wako, unaonaje siku fulani? Akishatoa neno lake, nauli ya basi inatumwa bila yeye kuiomba. Kadi nzuri yenye maua inaweza kufuata baadaye, kwa kumbukumbu, lakini haiwezi kutangulia.

La msimamizi ndilo linaloniuma zaidi. Baba wa mtoto alimchagua bosi wake. Sababu hakuificha: bosi ana uwezo, atamsaidia mtoto mbele ya safari, na mkewe atapendeza kwenye picha. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, katekista aliomba karatasi za msimamizi. Kanisa linataka awe Mkatoliki aliyetimiza miaka kumi na sita, aliyepata Kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Anatosha mmoja, mwanamume au mwanamke, au wawe wawili, mmoja wa kila jinsia. Bosi hakuwa na Kipaimara, mkewe alikuwa wa dhehebu lingine, na semina hawakuwahi kufika. Kwa mke ilikuwapo njia ya halali: Mkristo aliyebatizwa katika dhehebu lingine anaweza kuwa shahidi, akiwa pamoja na msimamizi Mkatoliki. Baba akasema hawa ni watu wakubwa, wana shughuli nyingi. Katekista akamjibu kwa upole, "Baba, daftari langu lina safu ya wasimamizi. Ya wakubwa halina."

Ikabidi jumuiya itafute mtu. Akakubali dada mmoja fundi cherehani, katibu wa jumuiya yao, ambaye semina alishaihudhuria na mama wa mtoto kwa hiari yake. Asubuhi ya ubatizo alimshika mtoto, akajibu maswali ya padri, akamkataa shetani na kuungama imani pamoja na wazazi, akapokea mshumaa uliowashwa kwenye mshumaa wa Pasaka. Jina lake likaandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia, na litabaki humo. Kanisani walikuwepo watu wachache. Wengine walikuwa saluni.

Jioni fundi alifika ukumbini. Kijana wa mlangoni akamwomba kadi. Hakuwa nayo, kwa sababu hakuwa amechanga, na hakuna aliyefikiri kumpelekea.

"Mimi ndiye mama wa ubatizo," akasema.

Kijana akapitia orodha. Mama wa ubatizo aliyeandikwa pale alikuwa mke wa bosi, na tayari alishaketi meza kuu. Akamwambia kwa adabu, "Samahani dada, orodha ndiyo hii." Fundi akampigia mama wa mtoto, na kwa ule muziki simu haikusikika. Alisubiri kidogo, akaacha zawadi yake kwa mlinzi, rozari ndani ya bahasha, akapanda daladala kabla hazijaadimika.

Mle ndani mshereheshaji akawaita baba na mama wa ubatizo walishwe keki. Wakasimama watu wawili ambao asubuhi hawakuwepo kanisani. Mama wa mtoto akaangaza macho ukumbi mzima akimtafuta fundi, kisha akamuuliza mumewe kwa sauti ya chini, na mume hakujua la kumjibu. Usiku ulikuwa umeshakuwa mwingi, na mtoto, ambaye sherehe iliitwa yake, alikuwa analia kwa sababu ya maspika.

Anayejiandaa kubatiza mwana nampa rai hii. Mwaliko uanze na saa ya kanisani, utaje parokia na Misa, kisha ndiyo useme mahali pa chakula, na chakula kikiwa nyumbani ni bora zaidi, maana mtoto ana kitanda chake cha kulala. Mchango uombwe kwa mdomo, kwa wachache wenye uwezo na ukaribu, wala usifanywe mlango wa mtu kuingilia. Mzee, msimamizi, katekista na jirani wa jumuiya wasitumiwe bei hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo orodha isomwe na wazazi wenyewe, jina kwa jina, kabla katibu hajabonyeza chochote. Ukiwa na fedha za chai na mandazi, alika watu kwenye chai na mandazi. Nasi wageni tuna deni letu: anayeruka kanisa akatokea kwenye pilau ameikata sherehe kichwa. Zawadi ya mtoto mchanga si lazima iwe kubwa, na bahasha isitangazwe kwenye kipaza sauti.

Deni la ukumbi lilibaki na wazazi peke yao, kwa kuwa ahadi nyingi hazikutimia. Mwaka huohuo baba alimpeleka mtoto Rombo. Hakuenda mikono mitupu: aliingia na jani la isale, ambalo Mchaga akikupa kuomba radhi ni vigumu mno kulikataa. Bibi alilipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamchukua mjukuu. Habari ya hamsini haikutajwa tena.

Kwa fundi walichelewa kwenda, nadhani kwa aibu. Walipofika walieleza, wakaomba msamaha, wakataka kumlipa hata nauli ya siku ile. Akakataa nauli. Alitaka kujua mtoto anafundishwa sala na nani nyumbani, kwa kuwa mbele ya padri aliahidi kuwasaidia wazazi katika hilo, na kila Jumapili anapopita mbele ya ofisi ya parokia anakumbuka jina lake limo mle. Wazazi wakatazamana. Basi akawaambia wamlete kwake kila Jumamosi saa kumi, baada ya kufunga cherehani.