Idadi ya Wajumbe na Dhamiri ya Mtu

Watu wangapi wawekwe kusimamia shule? Swali hili huonekana kuwa la hesabu, lakini kwa hakika ni la maadili. Wahenga wametuachia methali mbili juu yake: kidole kimoja hakivunji chawa, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Atakaye kuamua baina yake na atazame mahali ambapo jambo lenyewe limejaribiwa.

Marekani ni mahali pa namna hiyo. Huko wilaya ya elimu, hata ikiwa ndogo sana, aghalabu huongozwa na bodi iliyochaguliwa kwa kura. Katika mwaka 1940 wilaya hizo zilipita 117,000. Leo zimesalia kama 13,000, kwa kuwa nyingi ziliunganishwa. Katika jimbo la California bodi nyingi zina wajumbe watano, walakini baadhi ya wilaya ndogo za shule za msingi zina watatu tu.

Uchache huo una sababu njema. Katika kijiji chenye kaya chache ni vigumu kupata watu watano walio tayari kujitolea, na kiti kitupu hakitoi shauri. Tena mafiga matatu hutosha kuinjika chungu. Lakini figa moja likiondoka, je?

Katika mwaka 1953 jimbo hilo lilitunga Sheria ya Brown, inayowakataza wajumbe walio wengi katika bodi kujadili kazi yake nje ya mkutano wa hadhara. Katika bodi ya watu watatu, wawili ndio wengi. Basi wawili wakikutana dukani wakashauriana habari ya paa la shule, wamekwisha kuivunja sheria. Katika bodi ya watano, wawili hao wasingekuwa wengi.

Zaidi ya hayo, mahali padogo kila mtu ni jamaa ya mtu. Tuseme fundi aombaye kazi ya paa ni shemeji ya mjumbe mmoja. Uadilifu humtaka mjumbe huyo ajitenge. Akijitenga hubaki wawili, na wawili wakitofautiana shauri hukwama, watoto wakanyeshewa. Ndipo mtu husema moyoni, "Afadhali nibaki, kwa ajili ya watoto." Hivyo upendeleo huingia kwa mlango wa huruma.

Kwa hiyo naona kwamba idadi iliyo bora haipimwi kwa wingi wa hekima, maana hekima haiongezeki kwa kuongeza viti. Hupimwa kwa nafasi impayo mtu mmoja ya kukataa, au ya kujitenga, pasipo kazi ya wote kuanguka. Watano huiacha nafasi hiyo, watatu huibana.

Pasipopatikana watano, watatu na wakae. Lakini mmoja wao akilazimika kujitenga, na ajitenge, hata kama shauri litangoja mkutano mwingine. Chungu kilichochelewa kuiva kitaliwa kesho. Imani ya wazazi ikimwagika haizoleki.