Mama Askari na Mshahara Wake

Yohane Mbatizaji alipohubiri kando ya mto Yordani, askari nao walimwendea, wakamwuliza yawapasayo kutenda. Luka Mtakatifu aandika ya kuwa Yohane hakuwaamuru waache kazi yao. Aliwakataza kumtoza mtu mali kwa nguvu na kumsingizia, tena akawaagiza watosheke na mshahara wao.

Siku hizi katika Kongo wanawake nao huvaa nguo ya polisi, na katika nchi ya Fizi kazi yao yahitajiwa sana. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka, ikamhukumu luteni-kanali mmoja kifungo cha miaka 20, kwa ajili ya wanawake walionajisiwa mjini Fizi tarehe 1 Januari mwaka ule. Maneno ya namna hiyo ni mazito kinywani. Mbele ya mwanaume mwenye bunduki mara nyingi hayatamkiki. Mbele ya mama mwenzake huenda yakatoka. Lakini ayasikiaye kutwa hurudi nyumbani na mzigo, na huko mtungi ungali mtupu na watoto wana njaa.

Je, mama huyo akisema kazi imemchosha, amekosa? Hasha. Nabii Eliya alichoka hata akaomba kufa, wala malaika hakumkaripia: alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Swali gumu ni la mshahara usiofika. Kutosheka na kidogo ni fadhila. Lakini mtu awezaje kutosheka na kitu asichopewa? Hapa wengi humkosea Yohane, wakilitumia neno lake kumnyamazisha mwenye kudai haki. Katekisimu huhesabu kumnyima mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazolilia mbinguni, naye Papa Leo XIII alilikumbusha jambo hilo katika barua yake ya mwaka 1891. Basi na adai, tena bila haya.

Walakini adai kwa mwenye deni. Mama wa Nundu aliyekuja kushtaki si mdaiwa wa mshahara ule. Akitozwa franka ili maneno yake yaandikwe, maskini amelipishwa deni la serikali, na askari amejinyang'anya furaha ambayo hakuna mkubwa awezaye kuichelewesha: kumwona aliyeingia akilia anatoka amesikilizwa.

Wala wakatekumeni wasimcheke askari huyo. Wako wanaompelekea kuku kabla hajaomba, ili kesi igeukie upande wao.